Kutoka Kibirichia hadi Manda: Kamera mbele ya kasri na magofu

KIJANA yeyote mwenye simu ameziona picha hizo. Kidimbwi cha kuogelea, ukuta mweupe wa chokaa, mlango wa mbao wenye nakshi, na nyuma yake bahari imetulia tuli. Chini yake maneno machache tu: Shela, Lamu. Au Manda. Unaweka alama ya moyo, unasonga mbele. Ni nadra mtu kujiuliza ni nani aliyesimama pale na kamera saa kumi na mbili asubuhi, alilipwa na nani, na hiyo picha sasa ni mali ya nani.

Nauliza kwa sababu huku kwetu Kibirichia kamera zimekuwa nyingi. Kwa asiyepajua, Kibirichia ni soko lililo upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, huko Buuri, kaunti ya Meru. Ni nchi ya waru na baridi. Ukiona kijana amevaa koti zito saa sita mchana na begi la kamera mgongoni, huyo anaelekea harusini, kwenye mahafali au matangani. Msimu ukipita anabaki akihesabu siku. Sasa gumzo lililoingia ni picha za nyumba. Wenye majumba ya kukodisha kwa watalii wanataka picha. Mahoteli yanataka picha. Madalali wa ploti nao wanataka. Na majumba yenyewe, yale ya kukufanya ushike mdomo, yako pwani.

Basi swali linalovuma ni moja: ninunue kamera gani, na lenzi gani? Hilo ni swali jepesi, nitalijibu hapa chini. Gumu ni lile ambalo hakuna anayeuliza, nalo ni kama unajua ni kitu gani kimesimama mbele ya hiyo lenzi.

Mbwaa yetu

Tuanze na jambo ambalo Mmeru hangoji kuambiwa na mtu wa nje. Wazee husimulia kwamba Wameru walitoka mahali panapoitwa Mbwaa, kisiwani, pwani. Walikuwa chini ya watu waitwao Nguuntune, yaani wenye nguo nyekundu, waliowatumikisha na kuwapa majaribu ya kuwachosha akili. Tengenezeni kiatu chenye manyoya pande zote mbili, wakaambiwa. Wakachukua ile ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe, wakakikata kiatu humo. Jaribu likazaa jaribu, mpaka wakatakiwa kuunda mkuki wa kugusa mbingu. Hapo wakaona hakuna jibu ila kuhama, wakamfuata kiongozi wao Koomenjwe, wakavuka maji.

Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Waliovuka kumeshapambazuka wakawa Njeru, weupe. Mpiga picha akisikia hayo lazima atabasamu. Ni watu gani wengine wanaojigawa kwa mwanga wa saa waliyovuka?

Msomi Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyekaa na wazee wa Meru akiandika masimulizi yao, alichapisha mwaka wa 1993 kitabu ambamo aliihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, kinachotazamana na Lamu. Wapo wasomi wasioafikiana naye, na ubishi huo waachiwe wenyewe. Lakini hebu fikiria. Manda hiyo hiyo, upande wa Ras Kitau unaoelekeana na Shela, leo ina majumba na mahoteli ya ufukweni ya watu wenye uwezo. Kijana wa Kibirichia anashushwa pale na mashua, ameajiriwa siku mbili kupiga picha za kitanda chenye chandarua cheupe na sahani ya kamba. Huenda amekanyaga mchanga walioukimbia babu zake. Na hakuna anayemwambia.

Sisemi aanze kulia hapo ufukweni. Kazi ni kazi, na sahani ya kamba ikipoa haipigiki tena. Nasema tu kwamba kisiwa hiki si pazia la nyuma la kidimbwi cha mtu.

Kazi yenyewe inavyokwenda

Sasa lile swali jepesi. Nyumba haihitaji kamera ya bei ya trekta. Inahitaji kwanza miguu mitatu imara, kwa sababu ndani ya nyumba mwanga ni kidogo na utaacha kamera wazi kwa muda mrefu. Mkono wa binadamu hauwezi kutulia kiasi hicho. Inahitaji lenzi pana, lakini isiwe pana kupita kiasi. Kati ya milimita 16 na 24 kwa kamera kubwa inatosha. Ukipanua zaidi ya hapo sebule inageuka uwanja wa ndege, mgeni analipa akiwa kwao, anafika na kukuta chumba cha kawaida, kisha anaandika maoni ya hasira. Lawama inampata mwenye nyumba, naye hakupigii simu tena.

Kamera ikae usawa wa kifua au chini kidogo. Isiinamishwe wala kuinuliwa, la sivyo kuta zinalala kama mabua ya mahindi baada ya mvua ya mawe. Milango na nguzo zisimame wima. Hilo peke yake linamtofautisha mtu wa nyumba na mtu wa harusi, kwa sababu kwenye harusi tumezoea kuinamisha kamera ili bibi harusi arefuke.

Halafu kuna tatizo la dirisha. Chumbani giza, nje jua la Lamu. Ukipima mwanga wa chumba, bahari inaungua na kuwa karatasi nyeupe. Ukipima bahari, chumba kinakuwa pango. Wataalamu hupiga picha tatu au tano bila kusogeza kamera, moja ya giza, moja ya wastani, moja ya mwangaza, kisha huziunganisha kwenye kompyuta. Programu itakufanyia ukitaka, ila ukiiachia kila kitu itakuletea picha ya rangi za peremende. Kitanda kikianza kung'aa kuliko taa, punguza.

Saa za kazi ni chache. Tuko karibu na ikweta, jua halina subira huko pwani kama lisivyo na subira huku. Linachomoza kwenye saa kumi na mbili na kitu, na ukifika saa mbili na nusu limeshakuwa kali, vivuli vimekuwa vyeusi ti. Jioni una kama nusu saa nzuri, kisha dakika ishirini hivi baada ya magharibi ambapo anga ni buluu na taa za nyumba ni za dhahabu. Hizo dakika ishirini ndizo zinazouza nyumba. Mchana kutwa unapanga viti, unaficha nyaya, unakunja taulo na kubishana na mpishi kuhusu maembe.

Jambo moja litakalomshangaza mtu wa Kibirichia ni unyevu. Ukitoa kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuipeleka nje, lenzi inapata ukungu papo hapo, na ukiipangusa kwa shati unaipaka chumvi. Iache begini nusu saa ipate joto la nje. Huku kwetu shida ni hiyo hiyo kinyume chake: unatoka kwenye baridi ya asubuhi unaingia jikoni penye moto na chungu cha githeri, miwani yote inageuka maziwa.

Nyumba inayoficha

Mkononi huenda una kamera nzuri kuliko zote, lakini ukiingia nyumba ya mawe ya Lamu bila kujua imejengwaje, utapiga picha ya ukuta.

Mji wa Kale wa Lamu uliwekwa kwenye orodha ya UNESCO ya Turathi za Dunia mwaka wa 2001. Nyumba zake za zamani, hasa za mtaa wa Mkomani, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo inayoamua kila kitu. Mkoko haurefuki upendavyo, kwa hivyo chumba hakiwezi kuwa kipana. Upana wake ni kama mita 3 au pungufu. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine kutoka kwenye kiwanda, ule ua wa wazi ulio katikati. Kila ukisonga ndani sakafu hupanda kidogo na mwanga hupungua. Mwanga wote unatoka kiwandani. Hakuna dirisha la kutazama bahari, na wala aliyejenga hakutaka liwepo.

Mlangoni kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe ambapo mwenyeji huzungumza na wageni. Nyuma ya mlango kuna tekani, na njia ya kuingia imepindishwa ili mpita njia asione kiwanda hata mlango ukiwa wazi. Mwisho kabisa, mahali pa faragha kuliko pote, ni ndani, penye zidaka: ukuta mzima wa vishubaka vya plasta iliyochongwa, ambamo ziliwekwa sahani za kaure, vitabu, vitu vya thamani. Huko ndiko kulikokuwa na shughuli za uzazi. Huko huko nyuma ndiko maiti walikooshewa.

Sasa tazama kinachotokea mpiga picha akiingia. Nyumba nzima ilisanifiwa ili mgeni asione ndani, nayo kazi uliyopewa ni kuwaonyesha wageni wa dunia nzima huko huko ndani. Ukuta wa zidaka ndio picha inayopendwa kuliko zote kwenye kurasa za mahoteli. Huwekewa mishumaa na taulo zilizokunjwa.

Siandiki haya kuwakataza watu. Nyumba nyingi za Lamu na Shela zingekuwa zimeshaanguka kama mwenye pesa hangezinunua na kuwalipa mafundi wa chokaa na wachongaji wazikarabati. Mafundi hao wana kazi leo kwa sababu hiyo. Lakini pia ni kweli kwamba picha nzuri huleta mnunuzi, mnunuzi hupandisha bei, na familia iliyoirithi nyumba kwa vizazi huuza na kuhamia pembezoni. Mpiga picha yumo katika mnyororo huo hata akijifanya hayumo. Kwa hivyo, kabla ya kufungua begi, tembelea Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili pale pale mjini Lamu, nyumba ya karne ya 18 iliyohifadhiwa na Makavazi ya Kitaifa. Utaona daka liko wapi, kiwanda kiko wapi, na ni kwa nini. Ukirudi kwenye nyumba ya kazi utajua kuwa zidaka hupendeza ukizipiga mwanga wa kiwanda ukiingia kwa ubavu, asubuhi, taa zote zimezimwa. Taa ya kamera ikipigwa moja kwa moja inaua nakshi zote. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mara nyingine ni vizuri aambiwe asimame wapi.

Na ukiwa njiani, zile njia nyembamba za punda, kumbuka kwamba mtu si pambo. Lamu watu wamezoea kamera na wamezichoka. Mama aliyevaa buibui anayepita chini ya wikio, kile chumba kinachounganisha nyumba mbili juu ya njia, anapendeza kweli kwenye fremu, lakini hakutoka nyumbani kuja kukupambia picha. Toa salamu, shikamoo kwa mzee na kwa mama, eleza kazi yako, omba. Akikataa, sema ahsante na usubiri njia iwe tupu. Hata sheria iko upande wake: tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, sura ya mtu anayetambulika ni data yake, na kuitumia kwa biashara bila ridhaa ni kujitafutia kesi.

Picha iliyobaki baada ya jengo

Mpaka hapa nimezungumza kama vile picha ya nyumba ni tangazo tu. Ili kuona upande wake wa pili inabidi tushuke pwani zaidi, mpaka Unguja.

Pale Forodhani, Mji Mkongwe, kuna Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lililojengwa mwaka wa 1883 na Sultan Barghash bin Said. Huenda hakuna jengo lililopigwa picha zaidi katika kisiwa hicho. Mapema kabisa, katika karne ya 19, studio ya A. C. Gomes ilikuwa ikipiga picha Zanzibar na kuziuza, na kadi za posta zenye jumba hilo zilisambaa duniani. Aliyenunua kadi alikuwa mtalii wa siku hizo, kama huyu wa mtandaoni wa leo. Alitaka kumbukumbu nzuri ya kumwonyesha shangazi yake Ulaya.

Lakini tazama kadi hizo kwa makini. Katika zile za zamani, mbele ya jumba kuna mnara unaojitegemea. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za Waingereza zilipiga mizinga kwa muda usiofika saa nzima. Kasri la Beit al-Hukm lililokuwa jirani likaharibiwa, na mnara ule nao ukapigwa. Mwaka uliofuata mnara mpya wa saa ulijengwa ukiwa umeshikana na uso wa Beit al-Ajaib. Kwa hivyo picha ya mtalii imegeuka ushahidi: ukiona mnara uko peke yake, picha ni ya kabla ya vita, ukiuona umeshikana na jumba, ni ya baadaye. Aliyebonyeza kamera siku ile hakujua kuwa anaandika historia. Alikuwa anauza kadi.

Kisha, tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu ya mbele ya Jumba la Maajabu iliporomoka pamoja na mnara wake. Watu wawili walikufa. Siku hiyo kila aliyewahi kulipiga picha jumba hilo, kwa simu au kwa kamera, alifungua faili zake. Maana jengo likianguka, fundi anayelirudisha anahitaji kujua nguzo ilisimama wapi, roshani ilikuwa na nakshi gani, dari ilishikwa na nini. Na hapo picha ya machweo yenye rangi za peremende haimsaidii. Ile iliyonyooka, isiyotiwa madoido, inayoonyesha ukuta ulivyo pamoja na ufa wake, ndiyo ya kumfaa.

Hapo ndipo ninapowasisitizia wenzangu. Mwenye nyumba akikuomba ufute chupa ya maji iliyosahauliwa mezani, futa. Ufute waya wa umeme? Sawa, kwa picha ya tangazo. Akikuomba ufute ukuta wa jirani, au ubomoe kwa kompyuta paa la makuti linaloziba bahari, hapo unamdanganya mgeni, kataa. Na kwa jengo la kihistoria usifute chochote. Baada ya kumaliza picha za mteja, baki dakika kumi. Piga kila ukuta ukiwa umeutazama mraba, piga kona, piga dari na boriti zake, piga ufa. Andika jina la chumba na tarehe. Hakuna atakayekulipa kwa hizo leo.

Wapo waliotangulia. Mwaka wa 1975 msanifu Usam Ghaidan alichapisha utafiti wake kuhusu mji wa Lamu, na mwaka wa 1986 ukatoka mpango wa kuuhifadhi mji huo ulioandaliwa na Francesco Siravo na Ann Pulver. Watu walipima nyumba na kuzichora ukuta kwa ukuta. Upande wa picha, Lamu ilikuwa na Omar Said Bakor, aliyejifunza upigaji picha mwenyewe na kuwa na studio yake mjini, mtaalamu wa kukata na kubandika kabla kompyuta hazijafika. Huko Unguja, Capital Art Studio ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka wa 1930, na mwanawe akaendelea nayo. Hawa walikuwa wakaazi. Walirudi kwenye mlango ule ule mara mia. Mgeni wa siku mbili na droni yake ana kazi ya ziada ya kuwafikia.

Makaratasi

Najua hii ndiyo sehemu ambayo vijana huruka. Isome mara mbili.

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Maana yake nini? Mwenye kasri amekulipa kwa siku mbili. Hamkuandikiana lolote, mmeelewana kwa WhatsApp na M-Pesa imeingia. Picha zote, pamoja na zile za zidaka na ufa ulizobaki kupiga, anaweza kusema ni zake. Akiuza nyumba anaziuza nayo. Wewe ukitaka kuziweka kwenye maonyesho au kuzipa makumbusho, unabisha hodi kwake. Ukurasa mmoja tu ungezuia hayo: kwamba unampa ruhusa ya kutumia picha kadhaa kwa matangazo, kwa miaka kadhaa, na hakimiliki inabaki kwako, na kwamba picha za kumbukumbu ya jengo hazimo katika agizo. Mwenye pesa ya kujenga Manda ana wakili. Hatashangaa kuona karatasi. Atashangaa zaidi asipoiona.

Ya pili ni vibali. Ngome ya Lamu, ambayo ujenzi wake ulimalizika 1821, iko chini ya Makavazi ya Kitaifa, na vivyo hivyo magofu ya Takwa kule Manda na Fort Jesus kule Mombasa. Kuingia kama mtalii na kupiga picha zako ni jambo moja. Kuingia na mwanamitindo, taa na mteja anayelipa ni jambo lingine, hilo lina kibali chake na ada yake. Omba mapema, kabla hujapanda basi.

Ya tatu ni droni. Inahitaji kusajiliwa na kuruhusiwa na mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA, na Lamu si mahali pa kujaribu bahati, kwani uwanja wa ndege uko Manda, ng'ambo tu ya mji. Ile picha ya juu unayoitamani, yenye Lamu upande huu na majumba upande ule, iko karibu na njia ya ndege zinazotua.

Takwa, kabla maji hayajapwa

Ukishalipwa, usipande mashua ya kwanza kurudi. Kodi nyingine ikupeleke Takwa, upande wa pili wa Manda. Mashua hupita katika mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, na hupita maji yakiwa yamejaa tu. Mwulize nahodha saa ya maji usiku wa kabla, umwamini yeye kuliko simu yako. Siku za bamvua maji hujaa sana na kupwa sana, na ukichelewa mtalala na mbu.

Takwa ni mji uliohamwa kama karne tatu zilizopita. Ukuta wake bado upo, msikiti wake bado una nguzo inayochomoza juu ya kibla, na nje ya ukuta kuna kaburi la mnara lenye mwaka wa Kiislamu 1094, ambao ni 1682 au 1683. Wengi wanasema maji ya kunywa yaliharibika. Watu wa Shela husimulia kwamba asili yao ni hapo, kwamba wazee wao walivuka mkondo wakajenga Shela, na mpaka leo huenda Takwa kufanya dua ya kuomba mvua.

Kwa hivyo kisiwa kimoja kidogo kina watu wa aina mbili wanaosema walikihama kwa kuvuka maji. Wa Shela walivuka mkondo tu, kaburi la mzee wao liko ng'ambo. Sisi tulivuka tukaendelea kutembea mpaka Kirimara ikatusimamisha, na tulichobaki nacho ni jina, Mbwaa, na koo tatu zenye rangi za usiku, alfajiri na mchana. Katikati yao sasa kuna wa tatu, aliyekuja kwa ndege na kujenga kidimbwi mahali ambapo maji matamu ni shida tangu enzi za Takwa. Wote watatu wanaingia kwenye fremu moja ukisimama pazuri.

Hapo Takwa hakuna mteja. Hakuna mtu wa kukunja taulo. Mawe yana rangi ya kijivu adhuhuri, na ikifika saa kumi jua linapoingia kwa ubavu kupitia mibuyu, kila tundu la tumbawe linatoa kivuli chake na ukuta unaonekana ulivyojengwa, jiwe kwa jiwe. Simamisha kamera mbele ya ukuta, mraba. Weka kitu cha kupimia chini, hata rula ya shule. Piga upande wa kaskazini, kisha wa mashariki, kisha nguzo, kisha kaburi. Andika tarehe na saa. Nahodha akianza kupiga mluzi kutoka kwenye mikoko, una kama picha nne zaidi.